MANENO YA KATIBU WA TAWI KWA VIJANA WANAOKWENDA MSAKO WA NGURUWE MARA YA KWANZA

(Yalisemwa ghalani. Yanaandikwa hapa kwa ajili ya wasiokuwapo.)

Ndugu wanaushirika, na hasa ninyi vijana mliojiandikisha,

Mahindi ya bondeni yameliwa. Aliyelala shambani anajua: nguruwe mwitu hachumi hindi moja akaenda zake. Anaangusha mabua, anatafuna kidogo, anahamia mstari mwingine. Kundi likiingia usiku, asubuhi unakuta uwanja wa mpira. Mihogo nayo wanaifukua kwa pua. Mchana wamelala kwenye vichaka vya korongoni, na huko ndiko tutakakowafuata.

Ruhusa tumeomba wilayani na barua imebandikwa hapa chini. Msiseme barua ya nini, mahindi si yetu? Mahindi ni yetu, lakini mnyama wa porini ni mali ya Taifa, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haina mchezo. Barua inasema nguruwe. Akitoka pongo au swala, mwacheni apite. Asije mtu akasema "nilidhani".

Hilo neno "nilidhani" ndilo lililotusimamisha leo.

Siku yetu ya kwanza tulikuwa vijana kama ninyi. Usiku ule hatukulala, tulinoa mkuki mpaka tukakaribia kuumaliza. Wazee walitandika nyavu za katani kwenye ukingo wa korongo, wakatupanga nyuma yake, mmoja hapa, mwingine hatua ishirini kule. Wakatuambia: kaa kimya, upepo ukupige usoni, usihame. Nguruwe haoni vizuri, lakini pua yake ni kali. Upepo ukitoka kwako kwenda kwake, umekwisha mpelekea habari. Basi wasakaji wakaanzia juu, madebe, mbwa wenye njuga, makelele.

Sasa ndugu zetu, hakuna anayemwambia mgeni wa msako jinsi moyo unavyopiga. Unasikia damu masikioni kuliko hao mbwa. Mate yanakauka, mikono inatetemeka, kila jani likicheza ni nguruwe. Tuliona kichaka kinatikisika, kitu cheusi kinapita chini chini. Tukarusha. Hatukuona kichwa wala mguu. Tuliona weusi tu.

Kumbe ni mwenzetu. Aliona wavu umelegea, akatambaa kwenda kuukaza bila kumwambia mtu, naye amevaa koti jeusi. Mkuki ulipita kati ya mkono na ubavu, ukatoboa koti, ukajikita kwenye udongo. Akabaki amelala pale anatutazama. Hakusema neno. Nguruwe wanne walipita pembeni, wakubwa kabisa, wala hakuna aliyewatazama mara ya pili.

Hadithi hii imechekwa sana kwenye vilabu vya pombe, na aliyerusha husemwa ni "kijana mmoja". Kijana huyo ni sisi tunaosema nanyi. Mkono uliorusha ni huu huu uliokuja kufundishwa kushika kalamu katika darasa la watu wazima. Yule mwenzetu tumelima naye, tumezikiana wazazi, lakini mpaka leo akitutangulia njiani tukauona mgongo wake, tunakumbuka.

Kwa hiyo Jumamosi, anayetaka kusogea atoe sauti kwanza, ajibiwe, ndipo asogee. Kila mmoja afunge kitambaa cheupe kichwani, hata kama ni kipande cha kanga ya mama. Usirushe mpaka uone pua na masikio ya nguruwe. Akipita bila kurushiwa hakuna wa kukucheka, na atakayecheka aje kwetu. Aliyejeruhiwa usimfuate kichakani peke yako. Dume zima linaweza kupita kilo 80, na meno yake yanapasua paja kama panga.

Habari ya nyama. Wasiokula wametuambia watashika nyavu tu, mzoga hawaugusi. Hilo halina mjadala. Wanaokula watagawana huko huko, na nyama iive kabisa, isibaki na wekundu. Ila wenye mabanda ya nguruwe sikilizeni sana: nguruwe mwitu anabeba homa ya nguruwe yeye mwenyewe haumwi, lakini ikiingia bandani inaweza kumaliza banda zima. Mtu haimpati. Basi damu na utumbo vizikwe porini, na aliyeshika mzoga asiende bandani kwake na nguo zile zile wala viatu vile vile. Mabaki ya nyama wasipewe nguruwe wa nyumbani, hata mfupa.

Tutakutana ghalani saa kumi na mbili asubuhi. Aliyekunywa Ijumaa usiku abaki nyumbani, hata kama ni fundi wa mkuki. Mbwa asiyechanjwa kichaa naye abaki. Akina mama wanaoteka maji na watoto wanaochunga mbuzi wasikate njia ya korongoni mpaka kengele ya ghala ilie mara mbili.