TAA YA MKANDA KATIKA PIKAPU ZA DIZELI
(Maneno waliyoambiwa wanachama madereva, Kaloleni, Nairobi)

Mmetaka tuseme juu ya taa ile iliyoandikwa T-BELT katika pikapu za Hilux za dizeli, na namna ya kuizima. Sisi ni watu wa reli, lakini dizeli ni dizeli, iwe ya garimoshi au ya pikapu inayopakia mizigo Gikomba.

Taa hii haina macho. Hesabu yake ni kilomita tu: Hilux nyingi za zamani 100,000, na nyingi za D-4D 150,000. Hesabu ikitimia itawaka, hata kama mkanda ulitiwa jana. Tena mkanda ukiloa oili na kuoza mapema, taa itakaa kimya. Na saa ya mwendo ikifa, hesabu nayo imekufa. Pikapu kuukuu za namna hiyo si chache hapa Eastlands.

Mkanda wenyewe huunganisha kranki na kemshafti ifunguayo valvu. Kranki ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja. Dizeli haina plagi za kutoa cheche; hewa hubanwa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta, kwa hiyo nafasi iliyo juu ya pistoni ni ndogo mno. Mkanda ukikatika, valvu nyingine hubaki wazi, na pistoni inapanda kuzigonga. Hapo mshahara wa dreva wa mwezi hautoshi kulipa spea na fundi.

Kuizima si kazi. Baada ya kutia mkanda mpya na kikaza chake, katika gari nyingi za zamani utaona kizibo kidogo cha mpira katika kioo cha saa ya mwendo. Kitoe, ingiza kijiti chembamba, bonyeza swichi iliyo ndani, rudisha kizibo. Zenye namba za umeme huzimwa kwa kitufe cha saa ya safari, kama kitabu cha gari kinavyoeleza.

Basi kwa kuwa ni rahisi hivyo, tajiri humwambia dreva, "Zima hiyo taa, twende kazi." Wiki ya pili mkanda unakatika Jogoo Road na mzigo juu, na swali la kwanza ni, nani alizima taa? Kule reli, kibao cha hatari kikitundikwa kwenye behewa linalotengenezwa, aliyekitundika ndiye anayekiondoa. Katika pikapu hakuna kibao, kwa hiyo shikeni daftari. Andikeni tarehe, kilomita, jina la fundi, na kwamba mkanda ulitiwa kwanza ndipo taa ikazimwa. Tajiri akikataa kununua mkanda, mpelekeeni habari kwa maandishi, hata kwa simu, msiifute.

Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata mshahara kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Neno "makusudi" ndilo mtakalogombania, na daftari ndilo shahidi. Akitaka kukufukuza kwa kosa, kifungu cha 41 chakupa haki ya kusikilizwa kwanza, ukiwa na mwenzako wa kazi au mjumbe wa chama wa hapo kazini. Mwiteni kabla hamjatia sahihi karatasi yoyote.

Wenye Hilux za injini ya GD, zilizoanza kutoka 2015, hawana mkanda huu. Zao zina mnyororo.