Tusiwazibe Vinywa Vijana Waimbao Haki



Obokano yetu ya nyuzi nane ilisifu, tena ilisuta. Mbona basi tunawashuku vijana wetu wanaosuta kwa hip hop?

Mwaka 1990 polisi waliwakamata wauzaji wa kanda za nyimbo za siasa. Sheria ya uchochezi dhidi ya serikali ilifutwa mwaka 1997. Mwaka 2001 Kalamashaka, vijana wa Dandora, wakatoa albamu yao, Ni Wakati, wakiyasema madhila ya mtaa wao kwa lugha ya mtaa huo.

Hata hivyo, uko mtego mwingine. Mwaka 2002 wimbo Unbwogable wa Gidi Gidi Maji Maji uligeuzwa wimbo wa kampeni ya NARC. Wimbo ukishapanda jukwaa la chama, utakisutaje chama hicho kikiingia Ikulu?

Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa ubunifu wa sanaa. Hailindi matamshi ya chuki wala uchochezi wa ghasia. Mipaka imewekwa na sheria, si na hofu ya chifu wala ya mzee wa kanisa.

Basi tuwafungulie kumbi za makanisa, na kazi zao tuzinunue kwa bei halali. Msanii anayelishwa na wasikilizaji wake haihitaji bahasha ya mwanasiasa. Huyo ndiye atakayetuambia ukweli, hata sisi wenyewe tukikosea.