Saratani: Maisha Kabla ya Kipimo

Leo tunazungumzia saratani, na jinsi maisha ya kabla ya kugundulika yanavyochangia namna mgonjwa atakavyopambana na ugonjwa huo.

Hapa Songea na kwa jirani zetu wa Namtumbo, tumbaku ya moshi ni zao la biashara. Ukiivuta, madhara yake hayaishii kwenye kuleta saratani tu. Mvutaji akifanyiwa upasuaji, kidonda huchelewa kupona na mapafu husumbua. Tiba ya mionzi nayo huhitaji oksijeni ya kutosha ndani ya uvimbe, na moshi hupunguza oksijeni hiyo. Pombe, iwe ya chupa au ya kienyeji kama komoni, hulidhoofisha ini, na ini ndilo linalochakata dawa nyingi za saratani.

Na matibabu yanaweza kuwa mbali: kutoka hapa hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 900. Safari hiyo, na matibabu yenyewe, vinahitaji mwili wenye nguvu.

Hata kama umeshagundulika kuwa na saratani, kuacha sigara leo kunasaidia. Mama, dada, pima saratani ya mlango wa kizazi. Baba, kaka, ukiona uvimbe au kidonda kisichopona, nenda kituo cha afya. Usisubiri maumivu.