Waliobaki na Vyombo

Neno letu la leo limo katika 1 Samweli, mlango wa 30. Mlio na Biblia karibu, fungueni. Nanyi akina mama mlio jikoni, sikilizeni tu, uji usije ukaungua kwa sababu yangu.

Kabla ya kufika Siklagi, twende kwanza London. Mwaka 1982 televisheni ya ITV ya Uingereza ilianza kuonyesha mchezo uitwao Shine on Harvey Moon, ulioandikwa na Laurence Marks na Maurice Gran. Uliendelea hadi 1985, ukarudi tena 1995. Ni mchezo wa kuchekesha, nami nimecheka sana. Lakini mara nyingi kicheko kilinikwama kooni.

Harvey Moon ni koplo wa jeshi la anga, karani wa stoo aliyetumwa India. Vita vimekwisha, mwaka ni 1945, naye anarudi kwao mashariki ya London. Anafika na kukuta nyumba yake imebomolewa na mabomu. Mkewe Rita yu hai, binti yake Maggie na mwanawe Stanley wa hai, lakini Rita hamtaki tena. Amezoea maisha mengine, na wanaume wengine. Mwisho Harvey anakwenda kukaa na mama yake katika kijumba cha muda, vile vilivyotengenezwa viwandani na kuunganishwa vipande vipande, kwa maana nyumba zilikuwa haba mno.

Hadithi yenyewe ni ya kubuni, lakini mambo yake si ya kubuni. Askari wa Uingereza alipoachiliwa jeshini alipewa suti, viatu na kofia, akaambiwa aende nyumbani. Nyumbani kwenyewe palikuwa na njaa. Mkate, ambao haukuwa umegawiwa kwa kipimo wakati wa vita, ulianza kupimwa Julai 1946, baada ya ushindi, hadi Julai 1948. Na ndoa? Mwaka 1938 talaka katika England na Wales zilikuwa kama 6,000. Mwaka 1947 zilifika kama 60,000. Watu walikuwa wameokoka mabomu, kisha wakashindwa kuketi meza moja.

Mimi nilipoanza kuutazama mchezo huu nilikuwa upande wa Harvey kabisa. Nilisema, mwanamke gani huyu? Mume ametoka vitani! Halafu nikaanza kuhesabu. Harvey alikuwa stoo, India, na vifaa vyake. London ilipigwa mabomu usiku 57 mfululizo tangu Septemba 1940, na kabla vita havijaisha raia zaidi ya 60,000 wa Uingereza walikuwa wamekufa. Ni nani basi kati ya hao wawili aliyekuwa vitani?

Sisemi kwamba Rita alifanya vema. Amri ya saba haikuahirishwa kwa ajili ya vita. Lakini waume wengi waliorudi hawakuulizwa walilala wapi miaka hiyo yote, na jambo hilo tulikumbuke pia.

Sasa Daudi. Yeye na watu wake mia sita wanarudi kutoka jeshini, siku ya tatu wanafika Siklagi, na mji umeteketezwa. Waamaleki wamewachukua wake na watoto. Watu wazima wale, wapiganaji, wanalia mpaka nguvu za kulia zinawaisha. Kisha huzuni inageuka hasira, wanataka kumpiga Daudi kwa mawe. Yeye anajitia nguvu katika Bwana, anamwita kuhani Abiathari, anauliza afanye nini. Mtu mwenye uchungu kuuliza kwanza, ndugu zangu, ni jambo gumu.

Wanaanza kufuatia. Kwenye kijito cha Besori mia mbili wanashindwa kuvuka kwa uchovu, wanabaki na vyombo. Wale mia nne wanashinda, wanawarudisha wote, na nyara nyingi juu yake. Hapo ndipo baadhi yao wanasema waliobaki wasipewe kitu ila wake zao na watoto wao. Daudi anakataa. Anaamua kwamba aliyeshuka vitani na aliyebaki na vyombo watagawana sawasawa, na uamuzi huo ukawa sheria katika Israeli.

Najua, hao mia mbili walikuwa askari, si wake za watu. Lakini sheria hiyo ilinigonga mlangoni kwangu.

Babu yangu alikuwa katika King's African Rifles, akapigana Burma. Tulipokuwa watoto alitusimulia matope, mvua na mito ya huko mpaka tukaijua kama mito yetu. Nyanya alikuwa akipita na chai, hasemi kitu. Babu alipokwisha kufariki nilimwuliza, "Nyanya, siku aliporudi ilikuwaje?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, nilimpikia mgeni." Kisha akanieleza njaa ya mwaka 1943, ile iliyoitwa ya mihogo, na jinsi alivyozika mtoto mmoja peke yake. Nikamwuliza kama babu aliyajua hayo. Akasema, "Alijua mtoto amekufa. Hakuniuliza alikufaje."

Miaka zaidi ya hamsini walikaa pamoja, wanakanisa wema, wala hakumwuliza.

Siku hizi wanaovuka bahari mara nyingi ni akina mama. Binti anakwenda Saudi Arabia kutunza watoto wa wengine, miaka miwili, minne. Anarudi na sanduku. Mwanawe anamwita shangazi. Mumewe anajua pesa zilikuja mwezi gani na hazikuja mwezi gani. Yeye naye anataka kujua pesa zilikwenda wapi. Yote mawili ni maswali ya stoo. Nami mchungaji, walipokuja ofisini kwangu watu wa namna hiyo, nilitoa kalamu nikaanza kuandika hesabu pamoja nao. Leo ningeweka kalamu chini, nimwulize kila mmoja, mwenzake akisikiliza: usiku ulikuwaje?

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyesikia kilio cha Siklagi, uwaone leo wanaoshuka kutoka kwenye gari na sanduku mkononi, na wanaowangoja mlangoni bila kujua watasema nini. Uwape neno la kwanza. Na wale waliozika peke yao, Bwana, uwape wa kuwauliza wangali hai. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.