Duka si Ngawira

Askari anapokaribia kustaafu, swali linaloulizwa kwanza nyumbani kwake ni juu ya fedha za kiinua mgongo: zitafanya kazi gani? Huko Mpumudde, katika mji wa Jinja, jawabu la wengi ni duka. Dirisha la chumba cha mbele hupanuliwa, mbao hupigiliwa ukutani ziwe rafu, kisha hupangwa sukari, chumvi, sabuni, viberiti na mafuta ya kupikia. Siku ya ufunguzi huwa ya furaha. Miezi michache baadaye mbao zile huonekana tena. Mwenye duka huwalaumu wateja, hulaumu kodi, na wakati mwingine humlaumu jirani mwenye kijicho. Ni mara chache atakapokubali kwamba duka lake halikuibiwa wala halikulogwa, bali lililiwa, tena na watu wa nyumba yake mwenyewe.

Mpumudde, kwa lugha ya huko, ni kusema "nimepumzika". Ni mahali alipofariki Mukama Kabalega wa Bunyoro tarehe 6 Aprili 1923, akiwa njiani kurudi kwao kutoka uhamishoni Seychelles, baada ya kupigana na Waingereza kwa miaka mingi. Jina hilo lingemfaa sana mstaafu, laiti duka lingemwachia nafasi ya kupumzika.

Jambo hili la duka kuliwa si geni mjini Jinja. Mji huo ulikwisha kupata somo lake kwa gharama kubwa, na wanajeshi walikuwamo darasani. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, nao wakapewa siku 90. Tendo hilo likaitwa Vita vya Uchumi. Ziliundwa kamati za kugawa mali zilizoachwa, na katika kamati hizo sauti za maofisa wa jeshi zilikuwa na nguvu kupita nyingine. Biashara, mashamba na ranchi zaidi ya 5,000 ziligawiwa katika nchi nzima. Katika barabara kuu ya Jinja, ambako hadi leo majumba ya maduka yana majina ya wenyewe na miaka ya ujenzi juu ya milango, funguo zilibadili mikono katika muda wa wiki chache.

Haifai kusahau kwamba malalamiko ya Waafrika juu ya biashara yalikuwa na msingi. Utawala wa kikoloni uliwaacha pembeni, na mwaka 1959 hasira hiyo ilizaa mgomo wa kutonunua katika maduka ya wageni huko Buganda. Lakini dhuluma haikuwa dawa yake, na wala haikuleta wafanyabiashara.

Waliopewa maduka waliitwa na wananchi "mafuta mingi". Inasimuliwa mpaka leo kwamba mmoja wao aliuza mashati kwa bei iliyolingana na namba ya ukosi: namba 15, Shilingi 15, namba 16, Shilingi 16. Huenda kisa hicho kimetiwa chumvi. Watu hukicheka, na kwa kucheka huko hupitwa na jambo kubwa zaidi. Mtu anaweza kujifunza maana ya namba ya ukosi kwa siku moja. Kosa lililoangusha maduka yale lilikuwa kudhani kwamba vitu vilivyokutwa rafuni vilikuwa faida. Viliuzwa, na fedha zake zikatumiwa kama zinavyotumiwa fedha za ngawira: gari, karamu, mke wa pili.

Duka la Jinja la wakati ule lilikuwa limefungwa kwa kamba ndefu isiyoonekana. Mwenye duka la rejareja alichukua bidhaa kwa muuzaji wa jumla, mara nyingi bila ya fedha taslimu, kwa kuwa jina lake lilijulikana na ahadi yake ya kulipa ilikuwa haijavunjwa. Muuzaji wa jumla naye alitegemea waagizaji wa Kampala, na mwagizaji alitegemea benki na meli za Mombasa. Kamba hiyo ilifumwa kwa kuaminiana kwa miaka mingi. Kamati iliweza kugawa jengo, rafu na mashati; uaminifu huo haikuweza kuugawa. Mashati yalipokwisha, mwenye duka mpya alikwenda kwa muuzaji wa jumla, akamkuta huko mwenye duka mpya mwingine kama yeye, naye ghala lake ni tupu.

Yaliyofuata yanajulikana. Magendo yalichukua mahali pa biashara. Sukari, ambayo Uganda ilikuwa ikitengeneza zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuja kuwa kitu cha kupangiwa foleni, hata hapo Jinja, jirani wa mashamba ya miwa ya Kakira.

Na Kakira yenyewe ina habari ya kumfaa mwenye duka dogo. Muljibhai Madhvani aliingia Uganda mwaka 1908 akiwa kijana mdogo, akafanya kazi katika maduka ya jamaa zake katika Busoga. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilianza mwaka 1930. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 22 ya kupima, kuandika, kukosea kwa vitu vidogo na kulipa madeni kwa siku yake. Si lazima kila mstaafu wa Mpumudde awe na kiwanda. Lakini mwenye kupokea kiinua mgongo leo asubuhi na kukimaliza chote kwa kujaza duka kesho anafanya, kwa mali yake halali, lile lililofanywa mwaka 1972 kwa mali ya watu.

Uchukuliwe mfano mmoja tu, wa gunia la sukari. Tuseme kilo 50 zimenunuliwa kwa Shilingi 180,000, na kila kilo inauzwa Shilingi 4,000. Gunia likiisha, mkononi mna Shilingi 200,000. Macho ya mwenye duka huona laki mbili. Zilizo zake ni elfu ishirini; zilizobaki ni za gunia lijalo, na ni kana kwamba zimewekwa kwake amana. Sasa nyumbani hunywewa chai asubuhi na jioni, na sukari ya chai hutoka dukani, kwani nani atakwenda kununua kwa jirani hali yeye ana duka? Zikichotwa kilo 5 tu katika gunia zima, zitakazouzwa ni kilo 45, nazo zitaleta Shilingi 180,000 kamili. Faida yote imekwisha kunywewa, na pango la chumba, nauli ya bodaboda iliyobeba gunia, na mifuko ya kupimia bado havijalipwa. Kilo ya sita ikichotwa, ni mtaji unaonywewa. Hapo hajaja shemeji wa kutoka kijijini, wala ada ya shule haijadaiwa, wala bei ya jumla haijapanda.

Ajabu ni kwamba askari ni mtu aliyekwisha kufundishwa dawa ya ugonjwa huu. Katika ghala la silaha hata risasi moja haitoki bila ya kuandikwa, nani ameichukua, lini, na kwa amri ya nani. Na ikipungua moja, usiku huo hakuna anayelala. Askari huyo huyo aliyelinda leja ya risasi kwa miaka 20 huachia kilo ya sukari itoke dukani mwake bila ya daftari. Kumbe utaratibu ni ule ule. Kinachochukuliwa na watu wa nyumbani kiandikwe kama kinavyoandikwa cha mteja, na mwenye duka ajipangie posho ya mwezi isiyozidi faida, kisha akanunue kwayo kama mtu mwingine.

Wapo waliopata nafasi ya kujaribu hayo kwa wingi. Kati ya mwaka 1992 na 1995 askari zaidi ya 36,000 walipunguzwa jeshini, wakapewa fedha na vifaa, mabati yakiwamo, ili waanze maisha ya uraiani. Bati hubaki juu ya nyumba hata mwenye nyumba asipojua hesabu. Fedha taslimu haina tabia hiyo. Tangu mwaka 2005 wanajeshi wana chama chao cha kuweka na kukopa, Wazalendo, na polisi wana chao, Exodus. Msaada huo ni mkubwa, ila mkopo ukimfikia mtu asiyeandika, humwongezea tu kiasi cha kupoteza. Afadhali gunia moja lijaribiwe na mke au mtoto mkubwa miaka miwili kabla ya kustaafu, mshahara ukiwa bado unaingia, kuliko magunia kumi siku ya kuvua sare.

Hata vibanda vya fedha za simu, vilivyoenea tangu mwaka 2009, havijaepuka ugonjwa huu. Wakala hushika fedha nyingi mchana kutwa, taslimu na za ndani ya simu, na karibu zote si zake. Chake ni kamisheni. Akizigusa zile nyingine, siku ya mshahara wateja watajipanga mlangoni kutoa fedha, naye hatakuwa na cha kuwapa.

Limebaki jambo moja lisemwalo kwa sauti ndogo katika maduka yaliyo karibu na kambi na vituo vya polisi. Raia mwenye duka huona vigumu kumnyima mkopo mtu mwenye sare, na huona vigumu zaidi kumdai. Mstaafu anapofungua duka, hujikuta upande huo wa meza. Vijana aliokuwa akiwaamuru huja jioni, humwita afande kwa heshima zote, huchukua sigara, sabuni na kilo mbili za sukari, na kuahidi mwisho wa mwezi. Kabla ya mwisho wa mwezi hufika amri ya uhamisho, na lori huondoka alfajiri kuelekea Karamoja. Jina hubaki katika daftari. Deni la Shilingi 20,000 lililoachwa namna hiyo, kwa hesabu ya gunia lile la sukari, ni faida ya gunia zima.