Fungu la Mwenye Ardhi
Ndugu wananchi wa Kwale, wako wasemao kwamba Rais Uhuru Kenyatta hakutuachia ila mashimo ya madini. Nawajibu kwa sheria. Sheria ya Madini ya 1940, tuliyorithi kwa mkoloni, haikuwatengea wanakijiji fungu lolote la mrabaha. Ile ya 2016, aliyoitia saini Uhuru, iliugawa: asilimia 70 Serikali Kuu, 20 kaunti, 10 jamii ambayo ardhi yake inachimbwa. Ni kweli, malipo yalichelewa, na serikali yake haikosi lawama. Uchimbaji nao ulikoma Desemba 2024. Lakini zamani watu wa Maumba na Nguluku wangeomba hisani. Leo wanadai haki. Na mdai haki hapigi magoti.