Daftari la Mwandishi wa Programu

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusimama katika bwalo hili, ambamo mara ya mwisho niliposimama mbele ya watu nilikuwa nimeitwa kueleza kwa nini sikufika shambani. Leo nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu serikalini, yaani kuandika programu za kompyuta, na hasa jinsi mtu anavyoweza kuifanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka bila ya kujichosha wala kuharibu.

Vijana wajue kwanza kwamba nilipokuwa hapa, miaka ya 1990, shule haikuwa na kompyuta hata moja. Wazee waliotutangulia wanakumbuka makubwa zaidi: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo ujuzi wa mashine sikutoka nao hapa. Nilitoka na tabia moja tu, nayo niliichukia. Mwalimu wetu wa hesabu hakukubali jibu lisilo na njia. Ukiandika jibu sahihi bila ya kuonyesha ulivyolipata, alama yako ni sifuri, na hakuna rufani.

Nilipotoka chuo kikuu na kuajiriwa, nilidhani mambo ya kuonyesha njia ni ya watoto. Ijumaa moja alasiri, mwaka 2008, nilitakiwa kurekebisha makato ya mkopo katika programu ya mishahara. Simu ilikuwa ikilia, na watu wawili wamesimama mlangoni wakinisubiri. Nikaifungua programu ile ile iliyokuwa ikitumika, nikabadili mistari michache, nikaona imekubali, nikaenda zangu nyumbani. Sikuweka nakala ya ile ya zamani, wala sikuandika popote nilichobadili.

Mwisho wa mwezi waalimu 38 wa wilaya moja walikatwa mkopo mara mbili. Mmoja wao, mzee aliyekaribia kustaafu, alisafiri kwa basi mpaka ofisini kwetu, hati yake ya mshahara ameikunja ndani ya bahasha. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kosa liko wapi?" Sikuweza kumjibu. Sikuwa namficha, nilikuwa sikumbuki nilichokifanya. Ilinichukua siku 3 kuutafuta mstari mmoja nilioundika kwa mkono wangu mwenyewe, na siku hizo zote mzee alilala kwa jamaa yake, kila asubuhi anarudi kukaa kwenye benchi letu. Fedha zake zilirudishwa mwezi uliofuata, lakini ada ya mwanawe ilikuwa ya mwezi ule.

Tangu hapo ninalo daftari, kaunta buku la kawaida la dukani. Kabla ya kugusa kompyuta naandika tarehe na kile kinachotakiwa, kwa maneno yangu. Nikishindwa kukieleza kwa Kiswahili cha kawaida, basi sijakielewa, na hapo narudi kwa aliyenituma kumwuliza. Nikibadili kitu, naandika nimebadili nini na kwa sababu gani. Jioni, kabla ya kuondoka, naandika nimeishia wapi na kesho nianze na nini. Mara nyingi naacha kijikazi kimoja chepesi kwa makusudi, ili asubuhi mkono uanze kwenda kabla akili haijapata nafasi ya kulalamika.

Msidhani haya ni ya kwetu tu. Huko Harvard, Marekani, tarehe 9 Septemba 1947, wahudumu wa kompyuta iliyoitwa Mark II walimkuta nondo amenasa ndani ya mashine. Walimbandika kwenye daftari lao la kazi, wakaandika na saa. Daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington, na nondo wake bado yumo.

Kijana mmoja ofisini huniambia kwamba siku hizi ipo Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, nayo hukumbuka kila badiliko. Ni kweli, naitumia kila siku, na asiyeitumia anacheza na moto. Lakini yenyewe hukumbuka ulichobadili. Ulichokuwa ukifikiri haikijui usipokiandika. Vile vile zipo sasa mashine zinazoandika programu ukiziomba. Nazo nazitumia, bila ya haya. Ila mara nyingi zinanipa jibu ambalo njia yake sijaipita mwenyewe, na mzee mwingine akija na bahasha yake, atakayeulizwa si mashine.

Mengine nitayapitia haraka, maana nanusa pilau. Saa mbili za kwanza za asubuhi simu yangu huizima sauti nikaiweka kwenye droo. Naandika kipande kidogo, nakijaribu kwenye nakala, ndipo naendelea. Ijumaa baada ya adhuhuri sigusi programu inayolipa watu, hata aagize nani. Nikikwama namwita tarishi wetu, ambaye hajui lolote juu ya programu, nikamweleza tatizo hatua kwa hatua. Kabla sijafika katikati nimeliona kosa, naye hudai soda yake kama kwamba amelitatua yeye. Ikishindikana hata hivyo, nakwenda kulala. Zamani nilijisifu kwa kukesha ofisini. Nilipoyasoma madaftari yangu niliona kwamba mengi niliyoyafanya baada ya saa nne usiku niliyafuta kesho yake.

Daftari la mwaka huu ninalo hapa. Wanafunzi wanaosoma kompyuta wanaweza kuja kulitazama baada ya chakula, na ukurasa wa juzi wataona jambo ambalo bado limenishinda. Hati yangu ni mbaya. Nawaomba waalimu wangu wa zamani waniwie radhi.